Mchujo wa sebuleni, kunde na choroko

Ilianza na neno moja tu. Tumekaa sebuleni, taarifa ya habari ya saa moja inasoma mambo ya 2027, manake huku kwetu Kenya uchaguzi uko tarehe 10 Agosti 2027 lakini watu washaanza kusukumana mabega mapema yote hii, mara mtangazaji akataja "mchujo wa chama" na kifunga mimba wangu, ana miaka sita, akanigeukia akaniuliza, Ma, kwani wale watu huchujwa kama tui?

Tulicheka sote. Bibi yao ndiye aliyecheka mpaka akafuta machozi na ncha ya leso. Lakini nilipofungua mdomo nijibu nikajikuta sina jibu la mtoto, nina jibu la mtu mzima, tena refu na lenye laana ndani yake.

Hali ya nyumba ilikuwa hivi: Disemba, kaka yangu kashuka na treni kutoka Nairobi, yeye na mkewe na wanawe wanne, mie nina watatu wangu, na wawili wa jirani ambao hata sijui huwa wanaenda kwao saa ngapi. Watoto tisa, rimoti moja. Kwa hivyo ugomvi ulikuwepo tayari, siasa ilikuja kukuta kitanda kimetandikwa.

Nikaanza na tui, si swali limekuja na mfano wake. Nikawaambia nazi ikishakunwa unaitia maji, unakamua kwenye kifumbu, tui linashuka na machicha yanabaki juu. Sasa chama cha siasa kina watu chungu nzima wanaotaka kiti kimoja, na hakiwezi kuwapeleka wote, manake wakienda wote watagawana kura za watu wale wale na chama cha pili kitapita katikati yao kinapiga mluzi. Basi wanachujana kwanza wao kwa wao, nyumbani, na yule anayeshuka ndiye anayepewa cheti cha chama aende akapambane na wa vyama vingine siku ya uchaguzi wenyewe. Wa katikati wangu, msichana wa miaka tisa, akauliza na yale machicha je? Bibi akajibu kabla yangu: machicha hupewa kuku.

Mkubwa wangu (12, mvulana, hujiona mwanasheria) akataka kujua kama ni kura moja tu. Nikamwambia hapana, piga hesabu mwenyewe, kuna gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake kwa kila kaunti na kaunti ni 47, kuna wabunge wa majimbo 290, kuna MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na wadi ni 1,450, na kila chama kinachotaka viti hivyo kinatakiwa kitafute mtu wake kila mahali. Ndio maana msimu wa mchujo nchi nzima hugeuka jikoni.

Kitu ambacho sikuwaambia vizuri siku ile, nakisema hapa, ni kwamba kuna sehemu ambapo mchujo ndio uchaguzi, Agosti ni kwenda kupiga muhuri tu. Ukiwa ngome ya chama fulani, tuseme Siaya kwa ODM, chama cha Raila Odinga, miaka hiyo yote, au Murang'a kwa Jubilee 2017, mwenye cheti keshaingia bungeni, anasubiri tu tarehe. Ndio utaona mtu analia machozi ya kweli kwenye mchujo kuliko siku ya uchaguzi mkuu. Na bado watu wengi wanaojipanga foleni tangu alfajiri Agosti hawaendi kwenye mchujo, mie mwenyewe nikiwemo, nimeenda mara moja tu maishani na hiyo mara moja nilifuata rafiki.

Haya, maneno hayaingii kwa watoto, ikabidi tufanye. Tukatangaza cheo: kiranja wa likizo. Huyo ndiye atakayeshika rimoti na ndiye atakayeamua Jumamosi tunaenda wapi. Vyama viwili, Chama cha Nairobi (wanne wa kaka) na Chama cha Mombasa (wangu watatu na wa jirani wawili). Kila chama kilete mtu mmoja, halafu uchaguzi mkuu wapige kura watu wote wa nyumba, wakubwa kwa wadogo.

Chama cha Mombasa wakatoka wagombea wawili, mkubwa na wa katikati, yaani ndugu kwa ndugu. Karatasi hatuna, mkubwa akasema tujipange tu mistari, anayenitaka asimame nyuma yangu. Nikaona rahisi, nikakubali. Wakatoka uani wakajipanga. Nyuma ya mkubwa wakasimama wa jirani wote wawili na kifunga mimba, wakawa wanne na yeye mwenyewe. Nyuma ya wa katikati hapakuwa na mtu, kasimama peke yake kama mlingoti. Na nilimwona kifunga mimba, wallahi nilimwona kwa macho yangu, alianza kuelekea kwa dadake, kakake akamtolea jicho moja tu, mguu ukageuka.

Bibi kwenye mkeka akasema, "Hii ndiyo mlolongo." Halafu akanyamaza, na Bibi akinyamaza hivyo ujue inakuja hadithi.

Akawasimulia. Mwaka 1988 chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima, KANU, kingine kilikatazwa na sheria tangu 1982. Mwezi wa pili mwaka ule wanachama wa KANU waliitwa uwanjani wajipange nyuma ya mgombea au ajenti wake au picha yake, hakuna karatasi wala sanduku, wanahesabiwa vichwa kama mbuzi. Na kanuni ilikuwa ukipata asilimia 70 kwenye mstari umeshapita, hapana tena kura ya siri, wewe ni mbunge. Mkubwa wangu akapiga hesabu vidoleni, wanne kwa watano ni asilimia 80, akaruka juu: nimepita! Bibi akamwambia ndiyo mwanangu, wakati ule ungekuwa umepita, tena ungekuwa na bendera kwenye gari.

Kisha akasema kwamba yeye siku ile alisimama mstari ambao hakuutaka, kwa sababu aliyekuwa akimpa kazi ya kufua alikuwa kasimama pale kando, mikono nyuma, anaangalia nani kaenda wapi. Mama yangu huyu nina miaka zaidi ya arobaini naye, hajawahi kunisimulia hilo, kawasimulia wajukuu kwa sababu ya rimoti. Na akaongeza lile ambalo kila mtu wa rika lake analisema, kwamba kuna mahali mstari mrefu ulisomwa mfupi na mfupi ukasomwa mrefu, na watu bado wamesimama pale pale juani wanaangaliana. Huwezi kudai ihesabiwe upya, watu wakishatawanyika ushahidi umekwenda nyumbani kupika. Kelele zikawa nyingi, maaskofu wakapiga kelele, na baada ya kamati ya chama iliyoongozwa na George Saitoti, makamu wa rais wa wakati ule, kuzunguka nchi 1990 kusikiliza watu, mlolongo ukaachwa. Mpaka leo ukitaka kutukana uchaguzi Kenya unauita mlolongo.

Nikasema basi, tunarudia, safari hii siri. Nikatoa kunde na choroko jikoni, kunde ni mkubwa, choroko ni wa katikati, kopo la maziwa limewekwa nyuma ya pazia la jikoni, kila mtu anaingia peke yake, anadondosha punje moja, anatoka. Tukamwaga juu ya sinia. Kunde mbili. Choroko tatu.

Lo! Mkubwa alisimama mdomo wazi. Nani amenisaliti? akawa anawaangalia mmoja mmoja na wote wanaangalia dari. Nami hapo ndipo nilipoingia na hotuba yangu, nisameheni, nilijiona mwalimu, nikawaambia mnaona sasa, watu ni wale wale watano, wagombea ni wale wale, kilichobadilika ni pazia tu. Nje mlimwogopa, ndani mkasema la moyoni. Nikarudia mara mbili. Babu akaitikia kwa kichwa. Nilijisikia vizuri sana, kumbukeni hilo.

Upande wa Nairobi hawakuwa na mchujo hata. Kaka yangu ana haraka siku zote, akasema wewe ndiye mkubwa, ana miaka kumi na nne, wewe ndiye utasimama, kwisha. Hiyo nayo ina jina lake, tiketi ya moja kwa moja. Nikawaambia hata sisi hapa Mombasa tumeiona, 2022 kwenye ODM walikuwa wawili wakubwa wanautaka ugavana, Abdulswamad Nassir na Suleiman Shahbal, wakaitwa wakaongeleshwa na Raila, Mungu amrehemu, Shahbal akaweka chini kabla hata ya mchujo, Abdulswamad akapewa cheti akashinda, na mwisho wa mwaka Shahbal tukamwona kwenye Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Vyama hupenda hivyo, hapana gharama wala viti kurushwa. Ila mwenye kura hakuulizwa. Na sheria inaruhusu, chama kinaweza kuita wanachama wote wapige kura au kikatumia wajumbe tu, ikitegemea katiba yake.

Sasa yule wa pili wa kaka, miaka kumi na moja, mtoto mkimya mno hujawahi kumsikia, akasema yeye hakubali. Anasimama kivyake. Babake akamwambia huwezi, nikasema ngoja, anaweza, hiyo ni haki yake, mgombea huru yumo kwenye katiba, ila kuna sharti, uwe hukuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtoto akanijibu palepale, "Shangazi, mimi sijawahi kujiunga, tumeshuka treni jana, mlinihesabu tu." Nilinyamaza. Manake ndivyo ilivyonitokea mie 2021, ule mwezi wa sita Wakenya walipoingia kwenye mtandao wa serikali kuangalia wako chama gani, nami nikajikuta mwanachama wa chama ambacho hata rangi yake siipendi. Kwa hivyo nikamwambia yule mtoto, rufaa yako imekubaliwa, simama.

Kampeni sitaisimulia, ilikuwa kelele tupu siku nzima. Dada mkubwa wa Nairobi aliahidi sinema. Yule huru aliahidi Pirates, baharini, kuanzia asubuhi. Wa katikati wangu aliahidi Haller Park kuona twiga na akaenda kwa Babu na Bibi mmoja mmoja, akakaa nao, akawakanda miguu.

Uchaguzi mkuu tulipiga watu kumi na wanne, watoto tisa na wakubwa watano, safari hii choroko ni wa katikati wangu, kunde ni dada mkubwa wa Nairobi, na punje za mahindi ni yule huru. Matokeo: choroko sita, kunde nne, mahindi manne.

Wa Nairobi wakapandwa na hasira. Sisi nane wao sita, halafu wao ndio wameshinda? Huyo dada akamgeukia mdogo wake, ungetulia tungeshinda. Mdogo naye, mngeniuliza nisingesimama. Wote wawili wana haki, na mie hapo sikuwa na la kuongeza. Nikawaambia tu kwamba gavana na mbunge na MCA huku kwetu ni hivyo hivyo, anayeongoza ndiye, hata kama waliomkataa ni wengi zaidi, ni Rais peke yake anayetakiwa avuke nusu ya kura zote na pia apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti.

Mkubwa wangu, bado ana machungu ya kunde zake, akadakia: na Rais naye huchujwa? Swali la hatari hilo. Nikamwambia kikatiba chama kinatakiwa kimteue, au asimame huru, lakini hukumbuki 2022, William Ruto wa chama cha UDA alipitishwa pale Kasarani, Nairobi, mwezi wa tatu na wajumbe wakishangilia, siku chache kabla yake Raila akapitishwa na muungano wa vyama wa Azimio pale ukumbi wa KICC, na ukumbini hapakuwa na mpinzani. MCA wa wadi anararuana na watu kumi na wawili kupata cheti, anayetaka Ikulu anapokewa na ngoma. Mkubwa akasema hiyo ni kama Mjomba alivyomteua huyu. Kaka yangu akainuka akaenda kutafuta chaja.

Yule dada wa miaka kumi na nne, mtoto wa simu, akasema mbona Marekani si hivyo, si yule meya wa New York aliyezaliwa Kampala alipitia mchujo? Kweli, Zohran Mamdani. Ule mchujo wa chama cha Democrat wa tarehe 24 Juni 2025 nadhani ndio mchujo wa kwanza wa nje ambao watu wa mtaa huu waliufuatilia, sababu ya Kampala hiyo. Nikawaeleza vitu viwili. Kwanza, kule anayesimamia mchujo ni bodi ya uchaguzi ya serikali, masanduku ni yale yale ya uchaguzi mkuu, na New York ni lazima uwe umejiandikisha na chama ndio upige. Kwetu chama chenyewe ndicho hufanya, mwenye timu ndiye refa, na kikitaka ndio kinaiomba IEBC, tume ya uchaguzi, iwasimamie. Ndio yakatokea ya 2017, siku ya kwanza tu ya mchujo wa Jubilee, 21 Aprili, karatasi zikawa chache kuliko watu, zingine hazikufika, ikabidi chama kifutilie mbali kila kitu na kupanga upya.

Pili, kwenye mchujo wa New York huandiki jina moja, unawapanga, wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Chaguo lako la kwanza akitoka mkiani, kura yako inahamia kwa yule wa pili, inaendelea hivyo mpaka wabaki wawili. Mamdani alimshinda Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana, raundi ya mwisho ilikuwa kama 56 kwa 44. Hapo watoto wa Nairobi wakaelewa haraka ajabu, wakasema tungepanga hivyo yule wetu mmoja akitoka kura zake si zingekuja kwa mwenzake! Ndiyo, pengine. Pengine pia zingekwenda kwa twiga, nani ajuaye. Nikamalizia kwamba Cuomo hakukubali, akarudi Novemba kama mgombea huru, akashindwa mara ya pili. Yule mkimya akasema shangazi, hiyo ya mwisho haikuwa lazima uitaje.

Basi tukalala. Kiranja akakabidhiwa rimoti, Jumamosi tukaenda Haller Park, twiga wakalishwa, kila mtu akasahau.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Wale wawili wa jirani, wamevaa vizuri, mmoja kabeba sahani tupu. Shikamoo, shikamoo. Nikawauliza mnataka nini, wakaangaliana, mkubwa wao akasema, tumekuja kuchukua mahamri yetu. Mahamri gani? Yale sita, tatu mimi tatu yeye, alituahidi kama tukitia choroko. Nikamwita kiranja. Kiranja akaja na rimoti mkononi, akawaona, akaangalia chini.

Nikakumbuka hotuba yangu ya pazia, zote mbili.

Bibi kwenye mkeka kashaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Nikaenda nikakanda unga.